Filamu ya "Che!" ya 1969: Tatu hayumo

Shangazi yangu mmoja anaitwa Tatu kwa sababu alizaliwa wa tatu. Huku kwetu Kigoma ukisikia jina hilo unajua anayeitwa ni mwanamke. Kwa hiyo siku niliposoma kwamba Ernesto Che Guevara, yule mwanamapinduzi wa Kuba, naye aliitwa Tatu, kwa karibu miezi saba, ng'ambo ya ziwa hilihili ninaloliona nikiwa ofisi ya walimu, usingizi ulinipaa. Nafundisha Kiswahili sekondari, na tangu siku hiyo kila filamu inayomhusu mtu yule naitafuta hadi niipate.

Hii ya 1969 inaitwa "Che!", na alama ya mshangao ni sehemu ya jina. Kampuni ni 20th Century Fox, mwongozaji Richard Fleischer. Che ameigizwa na Mmisri Omar Sharif, Fidel Castro, kiongozi wa Kuba, ameigizwa na Jack Palance. Ina dakika 96. Che aliuawa kijijini La Higuera, Bolivia, tarehe 9 Oktoba 1967, na filamu ikatoka Mei 1969, hata miaka miwili haijatimia. Wahakiki waliiponda, na baadaye ikaingizwa kwenye orodha za filamu mbovu kupita zote. Sharif mwenyewe alikuja kukiri kwamba anajutia kuicheza. Hayo yote niliyajua kabla, na bado nilikaa kuitazama kwa moyo mweupe.

Niliitazama Ujiji, sebuleni kwa babu, kompyuta ikiwa juu ya kreti la soda. Babu amevuka miaka 80. Ujanani alivua dagaa usiku kwa karabai, akitokea Kibirizi, na miaka ile ya vita vya Kongo alikuwa majini. Kiingereza hakijui, basi nikawa mkalimani wake: mwigizaji anasema, nasimamisha, natafsiri, tunaendelea. Dakika 96 zikawa saa tatu. Nadhani ndiyo maana udhaifu wa mazungumzo ya filamu niliuona waziwazi. Sentensi isiyo na kitu ndani, ukimtafsiria mzee anayekusikiliza kwa makini, utaona haya wewe uliyeitamka.

Sharif simlaumu. Ndevu, bereti, jicho linalotazama mbali, vyote amevipata, na kuna nyakati amekaa kimya msituni ukasema ni picha ile ya ukutani imepata pumzi. Muziki pia ni mzuri. Umetungwa na Lalo Schifrin, mzaliwa wa Buenos Aires, Muajentina kama Che mwenyewe, na peke yake katika kazi nzima anaonekana kujua filamu hii inamhusu nani.

Castro wa Palance ndiye aliyenichosha. Biri mdomoni, shingo mbele, sauti ya kukwaruza, muda wote kama mtu anayeigiza Castro harusini ili wageni wacheke. Mtu aliyeweza kuhutubia umati kwa saa nyingi bila kuchoka amegeuzwa mtu asiyejua aamue nini mpaka Che amnong'oneze. Babu, aliyekuwa akimsikia Castro kwenye redio akitajwa pamoja na Mwalimu, aliniuliza mara mbili kama huyo kweli ndiye Fidel.

Kosa kubwa zaidi ni namna hadithi ilivyopangwa. Kila baada ya muda mfupi mtu anaigeukia kamera na kutusimulia Che alikuwa mtu wa aina gani. Mmoja anamsifu, mwingine anamlaani, wa tatu yuko katikati. Tukio likianza kupata moto, linakatwa, anakuja msimulizi. Chukua kipindi cha Havana baada ya ushindi wa Januari 1959, Che alipokuwa mkuu wa ngome ya La Cabaña na watu wa utawala wa Batista, mtawala aliyepinduliwa, wakihukumiwa na kupigwa risasi. Hilo ni jambo zito. Daktari aliyeapa kuponya anasimamia hukumu za kifo. Nilitaka nikae na uso wake pale, nione anakula nini jioni ile, anamwandikia nani barua. Filamu inatuonyesha bunduki, inamleta msimulizi, halafu inasonga. Hata kumchukia haikupata ujasiri.

Tukafika 1962, mgogoro wa makombora ya Kisovieti yaliyowekwa Kuba, Che na Castro wakagombana. Kidogo tu, tukawa Bolivia.

"Simamisha," babu akasema. "Si ulisema huyu alipita huku? Ziwa liko wapi?"

"Halimo, babu."

"Halimo kabisa?"

Halimo. Aprili 1965 Che alifika Dar es Salaam kwa jina la bandia, akaja Kigoma, na usiku wa kuamkia tarehe 24 akavuka Ziwa Tanganyika kwa boti hadi Kibamba, upande wa Kongo. Ili asijulikane kuwa kiongozi, yeye na wenzake Wakuba walijipa majina kwa kuhesabu Kiswahili: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, yeye akawa Tatu. Walikuja Wakuba zaidi ya mia moja kuwasaidia wapiganaji wa mashariki ya Kongo, na mambo hayakwenda. Viongozi wakubwa walikaa mbali na mstari wa mbele. Wapiganaji walitegemea dawa ya mganga kuzuia risasi. Mwezi Mei alipata habari kwamba mama yake mgonjwa sana, na mama alikuwa ameshafariki. Oktoba, Castro akasoma hadharani Havana barua yake ya kuaga, mwenyewe akiwa bado porini. Tarehe 21 Novemba wakarudi Kigoma wameshindwa, na Che akajificha kwenye ubalozi wa Kuba, Dar es Salaam, akaandika yaliyompata. Sentensi yake ya kwanza inasema hii ni historia ya kushindwa.

Niwe mkweli kwa Fleischer. Mwaka 1969 safari hiyo ilikuwa bado siri, na maandishi yale yalikaa bila kuchapishwa hadi miaka ya 1990. Kwa hilo simdai. Ila filamu ya sehemu mbili ya Steven Soderbergh, ya 2008, ambayo ni bora mara nyingi kuliko hii, nayo imetoka Kuba ikaenda Bolivia ikatuacha sisi kando, na wakati huo kitabu kilikuwa kimeshatoka. Hiyo inaniuma.

Inaniuma kwa sababu ndani ya kumbukumbu zile kuna lugha yetu. Che anaeleza kwamba wapiganaji wakiambiwa wabebe mizigo walikuwa wakijibu: "Mimi hapana motokari." Baadaye ikawa: "Mimi hapana Mkuba." Niliwaandikia wanafunzi wangu sentensi hizo ubaoni. Walianza kwa kuzisahihisha, "mimi si motokari", kama nilivyowafundisha. Halafu tukazungumza kipindi kizima kuhusu mtu anayesema hivyo: amechoka, hajalipwa, mzigo si wake, na mgeni anayemtuma hajui hata kumsihi kwa lugha yake. Maneno matatu yale yana mapinduzi na kushindwa kwake kuliko mazungumzo yote ya Fox.

Karibu na mwisho analetwa mchunga mbuzi mzee, ameigizwa na Frank Silvera, mbele ya Che aliyekamatwa. Anamwambia kwamba tangu walipokuja na bunduki zao mbuzi wake hawatoi maziwa. Nilipotafsiri, babu alijipiga goti. "Huyo ndiye amesema."

Nilimbishia. Nilimwambia mzee yule kawekwa pale ili watengenezaji wapate hukumu bila kuitamka wenyewe. Saa nzima na zaidi hakuna mkulima aliyepewa nafasi ya kusema, halafu ghafla mmoja anabebeshwa neno la mwisho. Babu akanijibu taratibu kwamba miaka ile, boti za wenye bunduki zilipokuwa ziwani, wao walizima karabai wakarudi nyumbani mikono mitupu, na hakuna aliyekuja kumuuliza mvuvi.

"Mjukuu wangu, wewe unatazama filamu. Mimi natazama mbuzi."

Sikuwa na jibu. Bado nasema tukio lile halikujengwa vizuri, lakini ndilo pekee lililomgusa mtu wa pale sebuleni aliyeishi karibu na jambo lenyewe, na lazima niliandike.

Ukitaka kuitazama, itazame kwa ajili ya Sharif na muziki, na ukiona sehemu ya Kuba imekwisha unaweza kuzima. Kama muda wako ni mdogo, tafuta ile ya 2008. Kwa watoto wa shule siipendekezi, maana watatoka wakijua ndevu na biri tu.

Nilipokuwa nafunga kompyuta, babu akauliza kama huyo Tatu alikijua Kiswahili.

"Alikuwa anajifunza, babu. Alipewa mwalimu."

"Mwalimu gani?"

Nikamweleza habari za Freddy Ilanga, kijana Mkongo ambaye hakuwa amefika hata miaka 20, aliyepewa kazi ya kumfundisha Kiswahili na kumfasiria mgeni ambaye mwanzoni hakujua ni nani. Baadaye alipelekwa Kuba, akasomea udaktari, akaishi huko miaka 40. Babu alikaa kimya, kisha akataka kujua kijana yule alianza kumfundisha neno gani. Sijui, na tangu jana nafikiria ningeanza na lipi.