Ushauri wa lishe baada ya kupandikizwa uloto: uzoefu wetu hapa Mwanza

Mwanangu alizaliwa na sikoseli. Alipandikizwa uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, huko Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, na aliyemchangia ni dada yake. Madaktari walifanya kazi yao vizuri, tukaruhusiwa kurudi Mwanza, na mimi nikabaki na kazi ya jikoni: kumlisha mtoto asiyetaka kula, ambaye kinga yake bado ni changa na anameza dawa za kuishusha zaidi ili mwili uupokee uloto mpya. Naandika kwa ajili ya wazazi wenzangu wa Kanda ya Ziwa, maana huku kwetu watoto wa sikoseli ni wengi na wengine watafuata njia hii.

Kikao cha kwanza cha ushauri hakikunisaidia. Tulisubiri kwenye benchi moja na watu wanaokohoa, jambo ambalo kwa mtoto wa aina hii ni hatari kabisa. Kisha tukapewa karatasi iliyochapwa yenye brokoli, salmoni na maziwa ya lozi, vitu ambavyo sivioni sokoni Kirumba wala Igoma. Kama huduma ingeishia hapo ningewaambia msiende.

Mambo yalibadilika tulipohamishiwa kwa afisa lishe mwingine, dada mmoja mtulivu. Karatasi aliiweka pembeni, akaniuliza, "Mama, jana amekula nini tangu alipoamka?" Nikamtajia. Akauliza dagaa nawanunua wapi, wameanikwa juu ya nini, maji ya kunywa yanatoka wapi na nani anayachemsha. Dagaa wa mchangani akasema tuachane nao. Nichukue wa chanja, walioanikwa juu ya kichanja, nitoe vichwa, niwaoshe kwa maji ya moto, wachemke sawasawa ndipo niwakaange. Sato aive mpaka nyama iachane na mfupa. Karanga za uji nizichambue moja moja, yenye ukungu au iliyosinyaa itupwe, kwa sababu ya sumukuvu. Kachumbari isubiri. Matunda hakuyakataza, ila yaoshwe na yamenywe nyumbani: ndizi, papai, embe. Yaliyokatwa tayari barabarani, hapana.

Mtindi ndio ulioleta mjadala. Bibi yake, kule Kwimba, alikuwa ameshaandaa kibuyu. Afisa lishe aliomba simu, akaongea naye mwenyewe: "Shikamoo bibi. Mtindi wako hauna ubaya, ila maziwa yake hayakuchemshwa, na huyu mjukuu wako kwa sasa hana askari wa kutosha mwilini. Tuvumilie mpaka daktari aruhusu." Bibi akaitikia, akauliza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, je? Akajibiwa ilete, tutaichemsha. Ningeongea mimi, tungegombana.

Lakini kilichonifanya niiamini huduma hii ni suala la damu. Kila aliyekuja kumwona mtoto alileta rozela au chupa ya dawa ya kuongeza damu, kwa upendo tu. Nikauliza kipimo cha kumpa. Dada yule akaacha kuandika, akanieleza polepole kwamba mtoto aliyeongezewa damu mara nyingi hubaki na madini chuma mengi mwilini, hasa kwenye ini, na mwili hauna njia yake ya kuyatoa yakizidi. Kumwongezea mengine ni kumdhuru. Akasema nisimpe dawa yoyote yenye madini chuma mpaka daktari aone kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya madini chuma mwilini. Mchicha na dagaa vya mlo wa kawaida viendelee. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniambia hivyo, na wauza dawa wa mtaani hawaulizi.

Pia alikagua dawa zake. Mtoto anatumia siklosporini, mojawapo ya zile dawa za kushusha kinga, kwa hiyo balungi marufuku, kwa sababu huzuia dawa isivunjwe mwilini na kiwango chake kwenye damu kinapanda kupita kiasi. Miti shamba nayo marufuku, hata ile ya "kusafisha tumbo". Siklosporini hiyo hiyo hufanya mwili upoteze madini ya magnesiamu kupitia mkojo, ndiyo maana akapendelea dona kuliko sembe, na maharage yaliyoiva vizuri.

Hamu ya kula ilirudi taratibu. Alilalamika kila kitu kina ladha ya chuma. Tukabadilisha kijiko tukatumia cha plastiki, tukampa kidogo kidogo mara nyingi, uji uliopoa badala ya wa moto kwa sababu ya vidonda vya mdomoni. Alipoanza kuharisha nilimpigia afisa lishe nikitegemea aniambie nipike nini. Akasema, "Hiyo si ya kwangu, mama. Mpeleke hospitali leo hii." Kuharisha baada ya kupandikizwa kunaweza kuwa maambukizi, au uloto mpya kuushambulia mwili wa aliyeupokea, na vyote vinahitaji daktari. Nilimheshimu zaidi kwa jibu hilo.

Kasoro zipo. Wikiendi simu haipokelewi, na ile karatasi ya brokoli bado wanaigawa. Bei ya kikao kwetu ilikuwa shilingi 20,000, naona ni haki. Mkienda, ombeni miadi ya asubuhi mapema kabla benchi halijajaa, mtoto avae barakoa, na bebeni dawa zote pamoja na majibu ya vipimo vya karibuni, hasa feritini na potasiamu. Na mwanzoni kabisa ombeni mshauri anayeanza kwa kuuliza mnapika nini nyumbani.