Mfumo wa stoo na mahesabu kwa duka la jumla: upi wa kununua

Muuza programu akija dukani atakufungulia grafu za rangi. Mwambie kwanza achomoe waya wa intaneti, kisha auze mifuko kumi ya saruji huku ukimtazama. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na Uganda kwa siku kadhaa, na wateja waliendelea kuja. Orodha hii namwandikia mwenye duka la vifaa vya ujenzi, stoo moja au mbili, watu wanne au watano kwenye kompyuta.

Ya kwanza ni TallyPrime. Inakaa kwenye kompyuta yako, intaneti iwepo isiwepo, na wahasibu wengi wa Dar es Salaam na Mombasa wameizoea. Leseni ya Silver ni ya mtumiaji mmoja, kwa hiyo mwenye kaunta mbili asivutwe na bei yake, anunue Gold, ya watumiaji wengi. Vijana wa kaunta watasumbuka siku za mwanzo, maana kazi nyingi hufanywa kwa vitufe vya kibodi.

Ila data ikikaa kwako, ulinzi nao ni wako. Mimi niliumia hapo. Fundi aliyetufungia seva, yaani kompyuta kuu inayotunza data, alipanga nakala ya akiba ya data (backup) ijitengeneze kila siku saa sita usiku. Kweli ikajitengeneza, ndani ya diski ileile. Asubuhi moja diski ikaanza kugonga tik, tik, tik, na kufikia saa nne hatukuwa na mfumo wala nakala. Tulirudi kwenye risiti za karatasi, tukahesabu nondo mojamoja tukizitia alama ya chaki. Sasa tuna diski mbili za nje, moja hulala nyumbani, na kila mwisho wa mwezi tunairudisha data kwenye kompyuta nyingine tuone kama inafunguka. Hela ya diski hizo na ya UPS, betri ya kuishikilia seva umeme ukikatika, iweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Ya pili, kwa mwenye matawi, ni ERPNext. Programu ni ya bure, mahesabu yamo yote, na hulipi kwa kila mtumiaji. Gharama ni fundi, kwa hiyo kama huna unayemwamini, iache. Odoo naiweka ya tatu: kaunta yake huendelea kuuza intaneti ikikatika, alimradi ukurasa ulikuwa umeshafunguliwa, lakini toleo la bure la Community halina mahesabu kamili. Ukiyataka utaingia Enterprise, na huko kila mtumiaji analipiwa.

QuickBooks Online inaifaa ofisi ya huduma, isiyo na foleni kaunta. SAP Business One subiri hadi uwe na kampuni zaidi ya moja.

Utakaochagua, uunganishwe na EFD, mashine ya risiti za kodi ya TRA, au eTIMS, mfumo wa ankara za kodi wa KRA, ukiwa Kenya. Huko, tangu 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kwenye hesabu za kodi, na fundi ujenzi mwenye kampuni atakukimbia ukimpa karatasi tupu. Toa risiti ya majaribio, uikague kwa simu yako mwenyewe.

Kabla ya kusaini, muuzaji akuonyeshe akihamisha madeni ya wateja na orodha ya stoo kwenda Excel. Akisema hiyo itafanyika baadaye, usilipe hata ya kutangulizia.