Miaka mitano na Cessna 172: bei ya kununulia ilikuwa mwanzo tu

Nina ndege ndogo, Cessna 172M, kwa mwaka wa tano sasa. Ni ya mwaka 1975, viti vinne, injini ya nguvu farasi 150. Kila anayeiona huniuliza niliinunua kwa bei gani. Mimi ningependa niulizwe inaruka saa ngapi kwa mwaka, maana hapo ndipo pesa zangu zilipopotea, na hapohapo ndipo nilipokuja kupata nafuu.

Moyo wangu mwanzoni ulikuwa kwenye Beechcraft Bonanza. Ni ndege ya mbio, magurudumu yanakunjwa ikishapaa, na angani inakwenda karibu kilomita 300 kwa saa. Nilishaanza hata kuulizia bima yake. Jioni moja nikachukua logibuku yangu, yaani daftari la safari zangu za angani, na kalamu, nikapitia safari zangu zote za miaka mitatu ya kukodi. Karibu zote tulikuwa watu wawili, mara chache watatu, na umbali hauzidi kilomita 300. Bonanza ingenifikisha kwa saa moja; 172, inayokwenda kama kilomita 200 kwa saa, kwa saa moja na nusu. Basi kwa ajili ya nusu saa ningelipia mafuta zaidi, propela yenye mitambo yake, magurudumu ya kukunja yanayodai ukaguzi, na bima inayompandia vibaya rubani mwenye saa chache kama nilivyokuwa. Nikaiacha kwa shingo upande.

Cessna 152 nayo niliipigia hesabu. Inakunywa kama lita 23 kwa saa, kidogo sana, lakini ukijaza matangi, kinachobaki kwa rubani, abiria na mizigo ni kama kilo 170. Mimi na ndugu yangu tukipanda, begi linabaki chini. Piper Cherokee ilinivutia na ningeweza kuinunua bila majuto. Tofauti kubwa kwangu ilikuwa mlango: ule mmoja tu wa upande wa kulia, na kuupata ni mpaka upande juu ya bawa. Mama yangu ana magoti mabovu, na nilitaka awe abiria wangu. 172 ina milango miwili na bawa liko juu. Isitoshe zimetengenezwa zaidi ya 44,000 tangu 1956. Sijawahi kukutana na fundi wa ndege ndogo asiyeijua, wala kusubiri kipuri zaidi ya siku chache.

Uchaguzi wa aina, basi, niliufanya vizuri. Kosa nililifanya kwenye kuchagua ndege yenyewe.

Niliyoiona ilikuwa inameta. Rangi mpya, viti vipya, redio nzuri. Injini ilikuwa imefanya saa 410 tu tangu ovahoo, yaani tangu ifumuliwe na kuundwa upya. Mtengenezaji anapendekeza ovahoo kila saa 2,000, nami nikapiga hesabu kwamba nina karibu saa 1,600 mkononi. Kilichoniponyoka ni kwamba saa hizo 410 zilikuwa zimetandazwa kwenye miaka 14. Mapendekezo hayohayo yanasema saa 2,000 au miaka 12, kinachotangulia. Nilisoma saa, miaka nikaipita. Halafu nikakubali ukaguzi wa kabla ya kununua ufanywe na fundi yuleyule aliyekuwa akiihudumia kwa muuzaji, kwa kuwa alikuwa karibu na hakudai pesa nyingi. Akapima mgandamizo wa silinda, zote nne zikatoka nzuri, kati ya 75 na 77 kwenye kipimo ambacho kamili ni 80. Nikalipa.

Ikiwa imeruka saa 71 mikononi mwangu, fundi wangu mpya alibadilisha oili. Alikata kopo la filta kwa kikataji chake, akatoa ile karatasi iliyokunjwakunjwa, akaitandaza juu ya kitambaa cheupe, akaninamishia taa. Kati ya mikunjo kulikuwa na chembe za kung'aa, nyembamba kama magamba ya dagaa. Akapitisha sumaku juu yake. Zikaruka zote zikanata. Hakusema neno kwa muda, na mimi nilishaelewa kwamba sumaku ikivuta, ni chuma, na chuma kimetoka ndani.

Kwenye injini hii kamshafti, yaani shafti inayofungua vali, imekaa juu ya krenki, ile shafti kuu inayozungusha propela. Ndege ikilala wiki baada ya wiki, oili huchuruzika chini na kuiacha kamshafti kavu, unyevu unaingia, kutu inatafuna vishimo vidogo. Siku ukianza kuiendesha, tapeti, vile vipande vinavyosukumwa na kamshafti, zinasugua juu ya vile vishimo mpaka chuma kinachunika. Kupima silinda hakuwezi kukuonyesha hilo, kwa sababu silinda zinaweza kuwa nzima huku kamshafti inaliwa. Ingetosha siku ile ya ukaguzi kukata filta, kuchungulia ndani kwa kamera ndogo, na kusoma logibuku ya injini mwaka kwa mwaka kuona ndege ililala lini na kwa muda gani.

Injini ilishushwa, ikafanyiwa ovahoo kamili. Ndege ilikaa chini miezi saba. Hanga, yaani banda la ndege, nilikuwa nalipa, bima nilikuwa nalipa, na sikuruka hata dakika moja. Niliumia sana, sitaki kuficha.

Ndiyo maana nasema hesabu ya kumiliki ndege huifanyi kwa bei ya kununulia. Kuna gharama zinazokuja hata ikiwa imefunikwa turubai: hanga, bima, ukaguzi wa mwaka. Kuna zinazokuja inapozunguka propela: mafuta, kwa yangu wastani wa lita 30 hadi 32 kwa saa, na oili na filta kila saa 50. Halafu kuna zile ambazo hazionekani mpaka siku ya kudaiwa. Chukua gharama ya ovahoo, gawa kwa 2,000, na kiasi hicho kiweke pembeni kila saa unayoruka, kama vile umekilipa pampu ya mafuta. Magineto, vifaa vinavyotoa umeme wa cheche za injini, nazo zinataka kufunguliwa kila saa 500. Kuhusu ukaguzi wa mwaka, bei anayokutajia fundi ni ya kutazama tu. Anachokikuta kinalipiwa peke yake, na kwenye ndege ya 1975 lazima akute kitu.

Mwaka wa kwanza niliruka saa 112, zile 71 na nyingine 41 baada ya injini kurudi, lakini miezi hiyo saba ilinila vibaya. Mwaka wa pili kazi ilinibana, nikaruka saa 40. Nilipogawa hanga, bima na ukaguzi kwa saa hizo 40, nikakuta kwamba ningekodi ndege ya shule ya urubani mwaka mzima na bado ningebaki na akiba.

Nikatafuta wenzangu wawili. Tulikaa na mwanasheria kabla ya pesa kubadilishana mikono, tukaandika nani analipa nini, zamu zinapangwaje, anayetaka kutoka anauza sehemu yake vipi, na ndege ikigongwa ile sehemu ambayo bima hailipi inabebwa na nani. Mwaka jana iliruka saa 180. Hanga ni ileile, bima imepanda kidogo tu, na kila saa sasa inabeba chini ya robo ya mzigo iliokuwa inabeba. Na injini ina afya, kwa sababu hailali. Dada mmoja kati yetu hupenda kuruka alfajiri. Hata sisi wawili tukiwa tumebanwa, yeye lazima aipandishe mara moja kwa wiki, saa nzima, oili ipate joto la kutosha kukausha unyevu. Kuiwasha na kuiacha ingurume chini dakika kumi hakusaidii. Oili haifiki joto hilo, na maji yanabaki humo humo.

Ukienda kutazama 172, tikisa viti vya mbele kwa nguvu. Reli zake zikilika, kiti kinaweza kuteleza nyuma wakati wa kupaa na rubani akajikuta ameng'ang'ania usukani. Funua kifuniko cha injini, upitishe kidole sehemu ya chini ya ule ukuta unaotenga injini na chumba cha rubani. Ukihisi mikunjo, ndege iliwahi kutua vibaya, gurudumu la pua likitangulia kugonga chini. Na mpeleke fundi wako mwenyewe, hata kama nauli yake ni kubwa.

Mama amepanda mara sita. Hukaa nyuma, anasema huko anaona chini vizuri.

Rangi kwenye mkia imeanza kubanduka. Fundi ameshapaka dawa ya kuzuia kutu, na tumekubaliana isubiri mwakani. Pesa za mwaka huu ni za magineto.