Uzamili wa Elimu na Ukocha Jijini Nairobi: Tathmini ya Mwanariadha Aliyeusoma Akiendelea Kukimbia

Kozi ninayoitathmini ni shahada ya uzamili inayounganisha elimu na ukocha wa michezo, inayofundishwa jioni na wikendi katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. Chuo chenyewe sitakitaja, kwa sababu sehemu kubwa ya malalamiko yangu inahusu ratiba na ofisi, na nimesikia hadithi zinazofanana kutoka kwa wenzangu waliosoma kwingine. Niliisoma huku nikishindana katika mita 400 kuruka viunzi na nikifundisha Kiswahili na michezo katika shule moja ya upili upande wa Eastlands. Ndiyo maana nimeipima kama mwalimu na pia kama mwanariadha, na majibu ya vipimo hivyo viwili hayafanani hata kidogo.

Kwa ufupi, mwalimu anayetaka kuwa kocha atapata humu thamani ya karo yake, tena kwa wingi. Mwanariadha anayeshindana atapata elimu ileile, lakini atailipia kwa mazoezi aliyoyakosa na kwa mizozo isiyo na sababu.

Nianze na kilicho bora. Somo lililonifaa kuliko yote ni lile linaloeleza jinsi mwili unavyojifunza harakati. Mhadhiri hakulianza kwa maandishi ubaoni. Aliomba wanafunzi wa kidato cha pili kutoka shule jirani, akaweka kiunzi kimoja cha chini kwenye nyasi, kisha akamtaka kila mmoja wetu amfundishe mtoto mmoja kukiruka huku yeye akirekodi kwa simu. Mwenzetu mmoja, kocha wa voliboli mwenye uzoefu wa miaka mingi, alimpa msichana wake maagizo mfululizo: nyanyua goti, nyoosha mguu wa mbele, inamisha kifua, mkono wa kinyume uje mbele, mguu wa nyuma upite pembeni, usiruke juu sana, na usipunguze kasi. Msichana alikimbia hatua chache, akasimama mbele ya kiunzi, akageuka na kuuliza kwa heshima zote, “Kocha, nianze na gani?”

Mhadhiri hakumkemea mtu. Alichukua chaki, akatia alama kwenye kipande cha mbao, akakilaza upande wa pili wa kiunzi na kumwambia msichana yule akikanyage haraka awezavyo. Alipita. Mara ya pili alipita vizuri zaidi, kifua kikiwa kimeinama na mguu wa nyuma ukizunguka pembeni bila mtu kuutaja. Hapo ndipo tulipoelezwa utafiti wa Gabriele Wulf, ambaye pamoja na wenzake ameonyesha kwa miaka mingi kwamba mtu anayeelekeza mawazo yake kwenye matokeo ya harakati, kama vile kuisukuma ardhi au kuifikia alama fulani, mara nyingi hujifunza vizuri kuliko anayefikiria goti na nyonga zake. Jioni hiyo tulirudia video zote, tukahesabu maagizo ambayo kila mmoja wetu alitoa kabla mtoto hajakimbia, na darasa zima likanyamaza. Makocha walionifundisha tangu shule ya msingi walikuwa watu wa kujitolea, lakini wote walikuwa na maneno mengi.

Masomo ya elimu yenyewe yanafundishwa kwa kiwango hicho hicho. Nadharia ya Lev Vygotsky kuhusu eneo lililo kati ya kile mwanafunzi anachoweza peke yake na kile anachoweza kwa msaada niliwahi kuikariri nikiwa shahada ya kwanza kwa ajili ya mtihani tu, lakini humu tulitakiwa kuitumia kupanga umbali wa viunzi kwa watoto wa kimo tofauti. Tulifundishwa pia kutochagua vipaji kwa pupa. Wasichana wengi hufikia kasi ya juu kabisa ya kurefuka wakiwa na umri wa miaka 12 hivi, na wavulana karibu na miaka 14, huku tofauti kati ya mtoto na mtoto ikiwa kubwa. Kwa hiyo bingwa wa darasa la nane anaweza kuwa tu ndiye aliyebalehe mapema. Ukikaa kwenye nyasi za mashindano ya shule za kaunti hii na kutazama jinsi wateule wanavyookotwa kwa kimo, utaelewa kwa nini somo hilo lilinikera na kunifurahisha kwa wakati mmoja.

Kwa walimu, kozi hii imekuja kwa wakati wake. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi (CBC) waliingia sekondari pevu, Gredi ya 10, Januari 2026, na mmoja wa mikondo mitatu waliyochagua ni wa sanaa na sayansi ya michezo. Michezo sasa ni somo lenye tathmini na njia ya kazi, wakati shule nyingi zimezoea kumkabidhi kipindi hicho mwalimu yeyote asiye na darasa saa hiyo. Mhadhiri wetu wa mitaala alitufanya tuandike mipango ya masomo ya muhula mzima, akairudisha ikiwa imejaa wino mwekundu, akatutaka tuiandike upya. Mipango hiyo naitumia shuleni hadi leo.

Mjadala mkali zaidi darasani ulihusu swali ambalo kila Mkenya mpenda riadha ameliuliza: je, kocha anahitaji shahada kweli? Mfano unaotolewa kila mara ni Bruda Colm O’Connell, mmishonari kutoka Ireland aliyefika shule ya St Patrick’s, Iten, mwaka 1976 bila ujuzi wa ukocha wa riadha, akaja kumlea David Rudisha, aliyeshinda mita 800 katika Olimpiki ya London mwaka 2012 kwa dakika 1:40.91, rekodi ya dunia. Wanaoutumia mfano huo kudharau masomo husahau kwamba alifika kufundisha jiografia. Alikuwa mwalimu wa darasani kabla ya kushika stopwochi, na nionavyo mimi, uvumilivu aliokuja nao uwanjani ulianzia darasani. Mwingine akamtaja Julius Yego, aliyejifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube na kuwa bingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72. Mhadhiri alikubali, kisha akauliza ni nani aliyekuwa akimtazama Yego, maana video haimwoni anayeitazama. Mimi nilimtaja Patrick Sang, aliyesoma Chuo Kikuu cha Texas, akapata medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, kisha akawa kocha wa Eliud Kipchoge. Mjadala haukuisha usiku huo. Uliendelea hadi kituo cha matatu, na utingo akatuambia tupande au tumwachie nafasi.

Somo la afya ya wanariadha lilikuwa fupi kupita kiasi, nalo lilistahili muhula mzima. Tulisoma tamko la Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki la mwaka 2014 kuhusu upungufu wa nishati katika michezo, linaloeleza kwamba mwanariadha asiyekula vya kutosha kulingana na mazoezi yake anaweza kukosa hedhi, kudhoofika mifupa na kushuka kiwango, na kwamba wanaume pia hawajasalimika. Katika kambi nyingi nilizopitia, msichana aliyekosa hedhi alihesabiwa kuwa ameiva kwa mashindano. Jambo zito namna hiyo lilipewa mhadhara mmoja, sawa na somo la kuandika barua za kuomba ufadhili. Kuhusu dawa za kusisimua misuli, ambazo zimeliletea taifa letu aibu isiyohitaji kusimuliwa tena, tulifundishwa kanuni vizuri: mwanariadha anawajibika kwa chochote kinachopatikana mwilini mwake, na aliye katika kundi la kupimwa akikosekana au kutotoa taarifa za mahali alipo mara tatu ndani ya miezi 12 anahesabiwa kuwa amekiuka sheria. Kilichokosekana ni jinsi ya kuongea na kijana wa miaka 17 ambaye mtu fulani wa duka la dawa amemwahidi sindano.

Sasa nije kwenye nusu ya ukocha, ambako sifa zangu zinapungua. Nadharia ya kugawa mwaka wa mazoezi kwa vipindi, tangu mwanasayansi wa michezo wa Kisovieti Lev Matveyev hadi wakosoaji wake, ilifundishwa kwa umahiri, lakini maabara haikulingana na mihadhara. Mashine ya kukimbilia ilikuwa moja kwa darasa zima, na ilizima kila ilipofika kasi ambayo mkimbiaji wa kweli angeanza kutoa jasho. Kipima lakteti, yaani kemikali inayoongezeka kwenye damu mtu anapojitahidi sana, kilikuwepo, kizuri na kipya, kikiwa kabatini pamoja na vibanzi vya kupimia vilivyokwisha muda wake, na kila tulipouliza tulijibiwa kwamba ombi la vingine liko kwa afisa wa ununuzi. Mji huu uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na umezungukwa na wakimbiaji ambao wanasayansi wa ughaibuni hupanda ndege kuja kuwapima. Inasikitisha kwamba sisi tulijifunza kuhusu damu yao kutoka kwa majedwali ya watu wengine.

Mafunzo ya vitendo yalitegemea bahati. Aliyepangiwa klabu yenye kocha makini alivuna mengi. Aliyepangiwa kwingine alibeba koni na chupa za maji hadi muhula ukaisha, na ripoti zao zikapewa alama zinazokaribiana. Anayetafuta hasa mbinu za uwanjani, kama vile kuanza mbio au kupokezana kijiti, atanufaika zaidi na kwa gharama ndogo katika kozi fupi za ukocha zinazotambuliwa na shirikisho la riadha la dunia. Shahada hii haikutungwa kwa kazi hiyo, ingawa tangazo lake linadokeza hivyo.

Lakini kinachonishangaza zaidi ni jinsi kozi inayofundisha kumlea mwanariadha inavyomsahau mwanariadha aliyeketi ndani yake. Mihadhara huanza saa kumi na moja na nusu jioni, yaani saa ileile ambayo timu ya chuo hichohicho iko uwanjani. Uwanja wa Kasarani ulipofungwa kwa ukarabati kabla ya mashindano ya soka ya CHAN, tulilazimika kufanya mazoezi mbali zaidi, na kutoka huko hadi darasani kwa foleni za Nairobi ni safari inayommaliza mtu kabla hajafungua daftari. Niliingia darasani na njumu mkononi mara nyingi kiasi kwamba mlinzi wa lango aliacha kuniuliza kitambulisho. Jaribio la takwimu lilipangwa wiki ya mashindano ya vyuo vikuu. Ofisi ya michezo ikaniandikia barua ya ruhusa, ofisi ya uzamili ikasema haitambui barua hiyo, na ofisi zote mbili ziko katika jengo moja. Nilifanya jaribio lile muhula uliofuata, baada ya kulipia ada ya kurudia kana kwamba nilikuwa nimefeli. Mhadhiri mwenyewe alinisikitikia, lakini hakuwa na mamlaka juu ya mfumo.

Tasnifu inahitaji maelezo ya pekee kwa yeyote anayepanga kuwachunguza watoto, kama nilivyofanya mimi kwa wasichana wa shule wanaojifunza viunzi. Lazima upate idhini ya kamati ya maadili, kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, ruhusa ya ofisi za elimu za kaunti, ya mwalimu mkuu, ya wazazi, na ridhaa ya mtoto mwenyewe. Sipingi hata moja kati ya hizo. Tatizo ni kwamba chuo hakielezi mapema kwamba hatua moja husubiri nyingine, kwa hiyo wengi huanza kuzifuatilia wakati shule zinakaribia kufungwa na kupoteza muhula mzima. Msimamizi wangu wa kwanza alisoma sura zangu kwa makini ajabu, mpaka akaniuliza kwa nini nimewaita wasichana “sampuli” katika ukurasa ambao nimewasifu kwa ujasiri. Wa pili nilimwona zaidi kwenye barua pepe za kuomba radhi.

Maktaba inatosha, na majarida ya kielektroniki yanapatikana hata ukiwa nyumbani. Karo hulipwa kwa muhula, na HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, huwakopesha wanafunzi wa uzamili pia, ila maombi yaanze mapema. Wahudumu wa dirisha la fedha ni wakarimu kuliko tovuti yao.

Kwa mwalimu wa michezo aliye kazini, naipa kozi hii nyota nne kati ya tano bila kusita. Kwa anayeshindana bado, naipa mbili na nusu, na nusu hiyo ni ya mhadhiri mwenye chaki. Iwapo uko katika kundi hili la pili na umeamua kujisajili, usilipe karo kabla ya kuomba mambo mawili kwa maandishi: ratiba ya majaribio ya mwaka mzima, uilinganishe na kalenda ya mashindano, na jina la ofisa atakayetambua barua ya ruhusa kutoka ofisi ya michezo. Omba pia kuonyeshwa maabara siku ya kazi, na kabati lifunguliwe ukiwa hapo.