Uzoefu wangu na Digitalarkivet: kazi za wazee wa Norwei

Nyota tano, na sijalipa hata senti. Digitalarkivet ni hazina ya mtandaoni ya Nyaraka za Taifa za Norwei: sensa, vitabu vya ubatizo na ndoa, orodha za waliohamia ng'ambo. Niliingia kutafuta ukoo wa mume wangu, maana wanangu ukoo wangu wa Kilifi wanautaja hadi kwa babu wa babu, wa baba yao hawaujui.

Majina yalipatikana upesi. Kasheshe ilikuwa safu ya kazi. Awali nilikuwa nalipia tovuti nyingine, sitaitaja, ambayo kila mwanamume wa kijijini ni "mkulima", basi. Kumbe kwenye sensa ya 1865 mzee wetu ameandikwa "husmand med jord". Huyo hana shamba. Ana kibanda na kipande cha ardhi ya mtu, na kodi yake ni siku za kazi kwa mwenye shamba. Kwetu Pwani tungemwita skwota, ila huyu kwa kawaida alikuwa na mkataba. Yupo pia "husmand uden jord", ambaye hata hicho kipande hana. Anayemiliki shamba ni "selveier", aliyelikodi shamba zima ni "leilending". Wote hao ile tovuti ya kulipia iliwatia kapu moja!

Sensa za 1865 na 1875 zina utamu wake: zimeandika hadi mifugo na mbegu zilizopandwa. Cheo kikikutatiza, hesabu ng'ombe. Mzee wetu alikuwa na mmoja, na kondoo kidogo.

Mengine wala si kazi. "Føderaadsmand" au "kaarmand" ni mzee aliyekwisha kukabidhi shamba na sasa anatunzwa kwa mazao yake. Hilo mama mkwe alinifafanulia papo hapo, kwani nyumba ya wazee shambani inaitwa "kårbolig" mpaka leo. "Lægdslem" liliniuma: fukara anayezungushwa shamba hadi shamba, kila kaya imlishe zamu yake. Na "dreng" usidhani ni mtoto. Kibarua wa shambani mwenye miaka 40 anaweza kuandikwa hivyo.

Ukitafuta, kumbuka tahajia ya zamani ni ya Kidenmaki: andika "gaardbruger" (mwenye kuendesha shamba), si "gårdbruker", na pale usipokuwa na hakika na herufi weka alama ya *. Halafu fungua picha ya ukurasa wenyewe, usiridhike na maandishi yaliyonakiliwa, kwa sababu makarani walipenda kufupisha: "Gbr." ni huyohuyo gaardbruger. Kwa maneno ya kienyeji kabisa, tafuta "bygdebok" ya eneo husika, kile kitabu kinachosimulia shamba moja moja na waliolikalia. Vitabu vya kanisa vya zamani vimeandikwa kwa mwandiko wa Kigothi; hapo hata mume wangu, Mnorwei wa kuzaliwa, huniachia mimi.