Deferasiroksi ya kuchanganya na maji: dawa inajitahidi, vipimo vinaiangusha

Kidonge cha miligramu 500 cha deferasiroksi, dawa ya kutoa chuma kilichozidi mwilini, ukikitumbukiza kwenye glasi ya maji hakiyeyuki kama sukari. Kinameguka, maji yanageuka meupe kama tui jepesi, na ukiacha kukoroga unga unaanza kutuama. Unga ule wa chini ndio dawa yenyewe. Mtoto akinywa maji ya juu na kuacha mashapo, sehemu ya dozi imebaki kwenye glasi, na miezi mitatu baadaye faili litaandikwa kwamba dawa haimsaidii.

Kwa mgonjwa wa selimundu anayeongezewa damu mara kwa mara, awe wa Dodoma mjini au wa Mpwapwa na Kondoa, hiki ndicho kitoa chuma tunachokiweka mbele ya vingine. Sababu ni hesabu tu. Chupa moja ya damu huacha mwilini miligramu 200 hadi 250 za chuma, na mwili hauna mlango wa kukitolea. Hupoteza miligramu 1 hadi 2 kwa siku, basi. Chupa 10 ni zaidi ya gramu 2, wakati mwili mzima wa mtu mzima kwa kawaida una gramu 3 hadi 4. Kwa hiyo kumnyima mtoto mlenda au maini hakusogezi chochote cha maana. Cha kumnyima ni FEFO. Vidonge hivyo vina chuma ndani, na bado vinatolewa kwa mazoea kwa yeyote mwenye damu pungufu. Mgonjwa aliyejaa chuma apewe asidi ya foliki peke yake.

Dawa ya zamani, deferoksamini (Desferal), bado ni nzuri mno kwenye kutoa chuma, lakini inakaa kwenye damu kwa dakika chache. Ndiyo maana huchomwa polepole chini ya ngozi kwa pampu ndogo, saa 8 hadi 12, usiku tano au zaidi kwa wiki. Mtoto wa kilo 25 kwa dozi ya miligramu 40 kwa kilo anahitaji vichupa viwili vya miligramu 500, kila kimoja kikichanganywa na mililita 5 za maji ya sindano. Ongeza sindano mpya ya kipepeo kila usiku, betri, na uvimbe tumboni pale inapochomwa. Familia nyingi huchoka ndani ya miezi michache, wala si kwa uzembe. Deferasiroksi hubaki kwenye damu saa 8 hadi 16, hivyo dozi moja kwa siku inatosha.

Je, nguvu zinalingana? Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulichukua wagonjwa 195 wa selimundu na kuzilinganisha dawa hizi mbili kwa wiki 52. Chuma cha ini kilipungua kwa kiwango kinachokaribiana, kadiri ya dozi. Waliojaribu njia ya mkato ya kumtoa mgonjwa damu ili chuma kipungue, huku akitumia haidroksiyurea (dawa ya kumeza inayopunguza mashambulizi ya selimundu) badala ya kuongezewa damu, kwa watoto waliokwisha kupata kiharusi, waliishia pabaya. Utafiti wa SWiTCH, wa wagonjwa 133, ulisimamishwa kabla ya wakati: kundi hilo lilipata viharusi 7 na lile la kuongezewa damu na kutumia kitoa chuma halikupata hata kimoja, na ini halikuwa na nafuu ya ziada.

Namna ya kunywa. Tumbo liwe tupu, dakika 30 kabla ya chai, saa ileile kila siku. Dozi isiyofika gramu 1 tumia maji mililita 100, ikizidi tumia 200. Koroga mpaka usione chenga, mtoto anywe, kisha mimina maji kidogo kwenye glasi hiyohiyo, suuza, anywe tena. Juisi ya machungwa au ya tufaha inakubalika. Soda na maziwa hapana, vinatoa povu na kuchelewesha kidonge kumeguka. Juisi ya zabibu, hata kama ni fahari ya Dodoma, haimo kwenye orodha ya mtengenezaji. Iache kwa baada ya kifungua kinywa. Kidonge hiki hakitafunwi wala hakimezwi kizima, na dawa za kiungulia zenye alumini zisiambatane nacho.

Mzazi aliyezoea kuona mkojo mwekundu wakati wa Desferal asishtuke akiuona wa kawaida. Deferasiroksi hutoa chuma kwa njia ya nyongo, kinatoka na choo.

Kuna pia vidonge vya kumeza vyenye utando, vya miligramu 90, 180 na 360. Havina laktosi, kwa hiyo matumbo yanayosumbuliwa na vile vya kuchanganya mara nyingi hupata nafuu. Lakini hapa ndipo kosa la hatari kuliko yote linapotokea dirishani. Miligramu za aina hizi mbili hazilingani: 20 kwa kilo za kuchanganya ni sawa na 14 kwa kilo za kumeza. Mtoto wetu wa kilo 25 anayetumia miligramu 500 za kuchanganya anatakiwa apewe kidonge kimoja cha 360. Mhudumu akitafuta tu namba iliyo karibu na 500 atampa 360 na 180, yaani 540, na dozi itakuwa imepanda kwa nusu nzima bila daktari kujua. Kila aina ya kidonge inapobadilika, dai cheti kipya.

Figo ndizo zinazolipia makosa ya namna hiyo. Kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo zinavyochuja, ipimwe mara mbili kabla ya kuanza, halafu kila mwezi, pamoja na protini kwenye mkojo. Vimeng'enya vya ini vipimwe kila wiki mbili kwa mwezi wa kwanza, kisha kila mwezi. Macho na masikio mara moja kwa mwaka. Figo za mtoto wa selimundu huchuja kupita kiasi, kwa hiyo kreatinini yake huanzia chini sana. Ikitoka mikromoli 30 kwa lita ikafika 45 imepanda kwa asilimia 50, na fomu ya maabara bado itasema "kawaida". Ilinganishe na ya kwake mwenyewe. Na kwa joto la Oktoba na Novemba huku kwetu, mtoto akiharisha, akitapika au akiwa na homa na hanywi vizuri, dawa isimame siku hizo na apelekwe akaonwe. Kwa anayesafiri kutoka wilayani, ratiba inayofanya kazi ni hii: damu itolewe asubuhi, majibu yasubiriwe palepale, ndipo chupa mpya ya dawa itolewe. Kugawa dawa ya miezi mitatu bila kreatinini ni kumuuzia mtu gari lisilo na breki.

Sasa malalamiko yetu makubwa: feritini, protini ya damu inayotumika kukadiria akiba ya chuma. Ndicho kipimo rahisi, na dozi hupandishwa au kushushwa kwa kukitazama. Feritini hupanda pia kwa maambukizi, kwa ini lililoumia na kwa maumivu makali ya selimundu. Ukimpima mtoto aliye wodini unapima moto uliomo mwilini, hupimi akiba ya chuma. Pima akiwa ametulia, maabara ileile, na usiamue kwa namba moja. Angalia mwelekeo wa tatu au zaidi. Kuzidi nanogramu 1,000 kwa mililita mara kwa mara ni sababu ya kuanza dawa, kushuka chini ya 500 ni sababu ya kuisimamisha. Tena angalia alama ya ">" kwenye majibu. Ikiandikwa ">2,000" maana yake mashine imefika mwisho wa kipimo chake. Mgonjwa anaweza kukaa mwaka mzima na ">2,000" huku chuma kikishuka kutoka 6,000 hadi 2,500, na mtu akadhani dawa imeshindwa. Mwambie fundi wa maabara aizimue sampuli na kupima upya.

Jibu la uhakika ni MRI, picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku, ya ini na moyo. Ini lenye chini ya miligramu 7 za chuma kwa gramu ya ini kavu lina nafuu. Likizidi 15 ni hatari. Kwa moyo husomwa T2*, muda unaozidi kuwa mfupi kadiri chuma kinavyozidi: chini ya milisekunde 20 chuma kimeingia, chini ya 10 ni hatari kubwa ya moyo kushindwa. Hakuna dawa ya kuchoma, mgonjwa hubana pumzi kama sekunde 15. Tatizo ni kwamba picha ya kawaida ya ini haitoi namba hizo. Inahitaji mpangilio maalumu wa mashine na programu ya kukokotoa, na mipaka hiyo ya moyo ni ya mashine ya Tesla 1.5 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), kwenye Tesla 3 milisekunde ni chache zaidi kwa chuma kilekile. Kabla ya kulipa, uliza maswali mawili: mashine ni Tesla ngapi, na je, ripoti itaandika T2* kwa milisekunde? Wakijibu "tutaona", usilipe kwanza.