TAHADHARI: Miche ya avokado aina ya "hass" inayouzwa kwa pikapu Nakuru, mingi si hass

Wakulima wa Bahati, Subukia, Rongai, Njoro na majirani wa upande wa Kericho, mvua ikianza tu na hawa watu huanza. Pikapu inaegeshwa kando ya lami imejaa miche ya avokado, kila mche umefungwa mkanda mweupe shinani, na muuzaji anaapa kwamba yote ni hass ya kupandikizwa (yaani kitawi cha hass kimeunganishwa kwenye shina la mche mwingine), tena eti kuna mkataba wa kununua matunda. Wengine hata sura hawaonyeshi: ni picha za Facebook, utume nusu ya pesa kwa M-Pesa, miche iletwe jioni giza likiingia. Giza lenyewe ni sehemu ya biashara.

Mingi ya miche hiyo imeoteshwa kwa kokwa tu. Na kokwa ya hass ukiipanda haikupi hass, kwa sababu maua yake huchavushwa pia na avokado nyingine zilizo karibu. Kinachoota ni chotara asiyejulikana. Mti uliopandikizwa vizuri huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi; huo wa kokwa unaweza kukuweka miaka 6 au zaidi, halafu broka aje, aangalie ngozi ya tunda, awashe gari aende. Ekari moja kwa nafasi ya mita 5 kwa 5 inameza miche 160 hivi. Hasara si bei ya mche, ni mashimo, samadi na miaka.

Mkanda si ushahidi. Ufungue. Muuzaji akikataa usifunguliwe hata mche mmoja, mwache na miche yake. Kwa mche wa kweli, shina la chini lilikatwa juu na kupasuliwa, kitawi cha hass kikachongwa kama kabari na kupachikwa humo. Kwa hiyo utakuta kovu la sentimita 3 au 4 lenye umbo la V pande zote mbili za shina, pamevimba kidogo, na gome la chini limekomaa kuliko la juu. Kiungo kwa kawaida huwa sentimita 20 hadi 30 kutoka udongoni. Kwa mche wa uongo gome linapanda moja kwa moja, laini, halina alama yoyote. Walioerevuka huchuna gome kwa wembe upande mmoja kisha wanafunga mkanda. Geuza shina uangalie nyuma, hakuna kitu. Wengine hukata ncha tu ili mche utoe matawi ya pembeni uonekane umeshika.

Kuna mche mwingine ambao hata mwenye kitalu mwaminifu anaweza kukuuzia asijue. Kitawi kilikufa, shina la chini likachipua lenyewe. Kovu lipo na mkanda upo, lakini juu ya kiungo kuna kijiti kikavu cheusi, na machipukizi yote yenye majani yanatokea chini yake. Huo ni mti wa kienyeji, haijalishi umependeza kiasi gani.

Kovu la kweli nalo halisemi kitawi kilitoka mti gani. Sugua jani la juu ya kiungo: la fuerte, aina nyingine ya avokado, hutoa harufu kidogo kama ya shamari, la hass halitoi. Hicho ni kipimo cha kusaidia tu, usikitegemee peke yake. Bora uende kitaluni mchana, uonyeshwe mti mama wanakokata vitawi. Vitalu vya miche ya matunda hutakiwa kusajiliwa na HCD, idara ya serikali ya mazao ya bustani. Omba cheti, na jina la kwenye cheti lifanane na linalotokea kwenye M-Pesa kabla hujabonyeza kutuma. Risiti iandikwe aina na idadi, si "miche" peke yake.

Kuhusu bei ya kutupa: kokwa inachukua miezi kadhaa mpaka shina lifikie unene wa penseli ndipo lipandikizwe, kisha miezi mingine kabla ya kuuzwa, na baadhi ya vitawi hufa njiani. Anayeuza kwa bei ya mche wa kabeji hajapitia hayo.

Ng'oa mfuko kwa mche mmoja kabla ya kununua mia. Mizizi myeupe ni mizuri. Ikiwa myeusi na inanuka, ni kuoza, na ugonjwa huo ukiingia udongoni hautoki. Mzizi mkuu uliojikunja chini ya mfuko kama ndoano pia ukatae.

Na wakikwambia hass inafanya popote, ni uongo mtupu. Inapenda mwinuko wa takriban mita 1,500 hadi 2,100. Molo juu baridi na jalidi huichoma. Kisumu, ufuoni mwa ziwa, kwenye mita 1,130 hivi, iko chini ya kiwango chake.

Aliyekwisha panda asing'oe kwa hasira. Mti wa kokwa wenye afya unaweza kupandikizwa papo hapo shambani. Mche ukiwa na unene wa penseli, kata, pasua, pachika kitawi cha sentimita 10 hadi 15 chenye macho yaliyovimba kutoka mti wa hass unaoujua, funga kwa mkanda wa nailoni, funika kwa mfuko mwembamba wa plastiki wiki 3 au 4, kisha ufungue ukiona majani. Mti mkubwa hukatwa kisiki cha karibu mita moja, unaacha machipukizi machache mazuri, unayapandikiza hayo. Machipukizi mengine yote yanayotoka chini ya kiungo yapunguze kila wiki, la sivyo yatakimeza kitawi.